Masale ya Katikati ya Kihamba

Jumamosi, 3 Julai 1971

Daftari jipya. Eunike kaniletea kutoka mjini, na peni ya bluu juu yake. Mwalimu wa kisomo anasema tuandike kila siku hata mistari mitatu, mkono usisahau. Mkono wangu ulisahau miaka zaidi ya thelathini, tangu darasa la pili la misheni. Sasa unakumbuka.

Nitalificha kwenye debe la mchele wa wageni. Baba Eunike haingizi mkono humo. Yeye ana kitabu chake kikubwa, jalada gumu, cha historia ya ukoo wa Kiwesa. Miaka mitano anaandika. Nani alimzaa nani, nani alihamia wapi. Ni karani wa chama cha msingi. Mchana anapima kahawa za watu, jioni anarudi kupima wafu.

Kesho tangazo la kwanza la ndoa ya Eunike na Eliufoo linasomwa kanisani. Sijalala vizuri siku tatu. Hakuna kitu kibaya. Ndiyo maana naogopa.

Jumapili, 4 Julai

Limesomwa. Mchungaji akasema, Eliufoo Samweli Kiwesa wa Sanya Juu, na Eunike Efraimu Kiwesa wa usharika huu. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, Kiwesa kwa Kiwesa? Nikageuka. Nikamwambia majina yanafanana, mama, watu hawafanani.

Maana tuliuliza. Siku ya posa hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kuuliza. Mshenga wao akasema Kiwesa wa Sanya asili yao ni upande wa Meru, wamekutana tu na jina. Baba Eunike akaridhika, akapokea kata ya pombe ya mbege, akanywa.

Eliufoo anafanya kazi kiwanda cha kukoboa kahawa pale Moshi, mashine ya kuchambua. Hata akioga kapi hazimtoki kwenye nyusi. Siku ya kwanza kuja hapa alichukua punje moja ya kahawa kwenye kichanja changu, akaing'ata. Akasema, "Mama, bado siku mbili." Sikumpenda kwa hilo. Halafu nikampenda kwa hilo hilo.

Leo Eunike kavaa gauni la kijani. Nilimtazama shingo tu wakati wa maombi. Bado nywele za nyuma hazikai, kama alipokuwa wa miaka mitano.

Jumatatu, 5 Julai

Ukungu. Kahawa haikauki. Nimefunika, nimefunua, nimefunika. Kisomo sikwenda.

Jioni Baba Eunike alishika panga akataka kukata yale masale yaliyo karibu na zizi, apate nafasi ya turubai la arusi. Masale yale yananishangaza tangu nilipoolewa. Watu hupanda masale mpakani au penye kaburi. Haya yetu yako katikati ya kihamba, ndani kabisa ya migomba na kahawa yetu. Hakuna mpaka, hakuna kaburi. Yanaota tu, kichaka kinene kama mwili wa ng'ombe, na njia inayazunguka.

Hajakata hata jani. Mzee Eliona alikuwa anapita. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo, baba yake na baba wa mume wangu walikuwa ndugu, na vihamba vyetu vimeshikana. Hakusalimia hata. Akasema, "Yaache."

"Nataka nafasi ya turubai, kaka."

"Weka turubai kwangu."

Akaenda zake na fimbo yake. Baba Eunike alicheka, lakini panga akaliweka chini. Mimi nikajisemea, huyu mzee anatutawala mpaka majani ya uani. Mungu anisamehe, simpendi.

Jumatano, 7 Julai — Saba Saba

Sijui nianzie wapi.

Wazee wa ukoo walikuwa hapa kwetu. Mbuzi, mbege, redio imewekwa dirishani watu wasikie sherehe za Dar. Baba Eunike alivaa koti. Akatoa kitabu. Akasema leo nina zawadi kwa ukoo.

Mwezi wa tano tulikwenda Sanya Juu kusalimia wakwe. Siku ile nzima alikaa na babu mmoja kipofu wa kule, baba mdogo wa Samweli, baba yake Eliufoo. Alirudi na karatasi zimejaa. Nilidhani wanaongea mambo ya mahari! Kumbe alikuwa anachimba.

Akasoma. Babu yetu alikuwa na ndugu mmoja tu, tumbo moja. Huyo ndugu aliondoka na ng'ombe kutafuta malisho, hakurudi, wazee wetu wakatuambia ameliwa na simba. Hapo Baba Eunike akanyanyua macho, anang'aa kama mtoto aliyeokota shilingi. "Hakuliwa na simba," akasema. "Nimempata. Alifika Sanya, akaoa, akazaa. Mambo ya Meru ni hadithi tu, ng'ombe wa baadaye ndio walitoka Meru. Wale ni damu yetu. Tawi lililopotea limepatikana."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alifuta machozi.

Mzee Eliona alikuwa na kata mdomoni. Akaishusha polepole. "Efraimu," akasema. "Hao wa Sanya, ndio hao hao wa mkwe wako?"

Ikabaki redio tu, watu wanaimba Dar es Salaam.

Nilimwona mume wangu anavyosimama na kitabu kimefunguka mikononi. Uso wa mtu aliyefunga mlango akakumbuka kwamba ufunguo uko ndani. Hakufikiri! Miezi miwili ana karatasi hizo mfuko mmoja na habari za arusi mfuko mwingine, hakuviweka pamoja hata siku moja. Furaha ya kumpata mtu wa kale ilimla akili.

Wazee waliondoka na nyama zao hazijaisha kugawanywa.

Alhamisi, 8 Julai

Mzee Eliona amekwenda kwa mchungaji. Amesema Kiwesa haoi Kiwesa, babu ni ndugu, watoto ni ndugu. Mchungaji amesema hatasoma tangazo la pili mpaka ukoo ukae na kusema neno moja. Ukoo unakaa Jumamosi ya tarehe 17.

Baba Eunike hajala. Nami sijala, lakini mimi nimeonja wakati wa kupika, hivyo sihesabu.

Jumamosi, 10 Julai

Eunike kaja. Alitoka shifti ya usiku pale hospitali ya Mawenzi akapanda gari moja kwa moja mpaka Kwa Sadala, akapandisha mlima kwa miguu na viatu vya unesi. Miguu imejaa matope. Nilitaka kumwosha, hakutaka.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akamwambia baba yake, "Baba, kile kitabu ulikuwa unamwandikia nani? Mimi au wafu?"

Baba yake akasema, "Siwezi kufuta jambo la kweli."

"Sijakuambia ufute. Nakuuliza kama uliniona."

Baba yake akawa anafuta miwani, anafuta, anafuta.

Ndipo Eunike akasema kuna sheria mpya ya ndoa, imeanza mwaka huu. Bomani hawaulizi ukoo. Wanauliza umri, wanauliza kama mmependana, basi. Babu wa babu hayumo kwenye sheria ile.

"Ukienda bomani," baba yake akasema, "ukirudi usipite hapa."

Mfuniko wa sufuria ulinitoka mkononi. Miaka ishirini na mbili sijawahi kusikia sauti ile kwake. Na yeye mwenyewe alishtuka, nilimwona. Lakini mwanamume akishasema, amesema.

Eunike kaondoka. Ndizi nilizomfungia kaziacha mezani. Nilimkimbilia mpaka njia panda ya chini. Eliufoo alikuwa anamsubiri kule, kasimama kando ya mtaro, anaogopa kupanda. Akaniamkia shikamoo akiwa anatazama chini. Akasema, "Sijui hata nikuiteje. Mama mkwe au mama mdogo?" Akajaribu kucheka. Nikamshika mkono. Nikamwambia niite mama tu, mwanangu, hilo halina kosa.

Jumapili, 11 Julai

Halikusomwa. Nilikaa benchi la nyuma.

Jumatatu, 12 Julai

Nimefikiri. Kitabu kimeandikwa na mtu. Mtu hukosea. Yule babu wa Sanya ni kipofu na ni mzee, labda alitaja mtu mwingine. Nikipata kosa moja tu kwenye kitabu, mtoto wangu anaolewa.

Mimi si Kiwesa. Mimi nimeolewa tu. Hawataniambia wanaume. Lakini yuko shangazi Magdalena. Ni dada wa baba yake Mzee Eliona, amebaki peke yake katika kizazi kile. Wanasema alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi Wajerumani walipokuja. Kesho nampelekea mtori wa ndizi.

Jumanne, 13 Julai

Naandika nimejificha bandani kwa ng'ombe. Siwezi kuandika ndani. Nataka kuandika yote nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikusikia vizuri.

Nilimkuta shangazi amekaa juani, kipande cha jua cha dakika kumi, ukungu haujafunga. Nikampa mtori. Anakula bila meno, polepole, anausifu. Akaniita mke wetu, kama siku zote. Nikamwuliza habari za yule aliyekwenda na ng'ombe.

Akasema ni kweli. Baba yake alikuwa na ndugu, jina lake limo vilevile kama alivyoandika Baba Eunike, alikwenda Sanya. "Simba wapi. Tulisema simba kwa sababu baba alikasirika, ndugu yake kaondoka na ng'ombe dume."

Kitabu hakina kosa. Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mbele ya bakuli. Nikamwambia yote, tangazo, kikao, Eunike na bomani.

Shangazi akacheka. Akasema, "Sasa unalilia nini? Mtoto wako si damu ya Kiwesa."

Nilidhani ni uzee. Nikasema kwa adabu, "Shangazi, Eunike ni wa Efraimu. Sina mwanamume mwingine."

"Najua ni wa Efraimu. Na Efraimu ni wa Mose. Na Mose ni wa mikungu mitatu."

Mose ndiye baba mkwe wangu, amelala makaburini hapo chini ya kanisa tangu mwaka hamsini na nne. Alinipenda. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda kabisa kuona ndizi imeivia mgombani.

Shangazi akaeleza akiwa anatazama mbali, kama anayasoma mahali.

Mwaka wa nzige. Ng'ombe walikuwa wameshakufa kwa ugonjwa, halafu nzige wakamaliza kilichobaki kule tambarare. Huku mlimani ndizi zilibaki kidogo. Siku moja akaja mwanamke kutoka chini na mtoto wa kiume, miaka minne hivi. Hakujua lugha yetu. Akaonyesha ndizi kwa kidole. Halafu akamwonyesha mtoto. Basi. Baba yake shangazi akakata mikungu mitatu.

Yule mwanamke hakuweza kubeba mitatu. Mwili ulikuwa umekwisha. Akabeba miwili, wa tatu akauacha pale chini, karibu na mtoto. Akashuka.

"Mtoto akakaa karibu na ule mkungu," shangazi akasema. "Hakulia. Tulipotaka kuukata alikuwa anaulalia. Alidhani mama yake atarudi kuuchukua. Ukaiva, ukaoza, nzi wakaja. Nilikuwa namletea maziwa ya mbuzi palepale."

Baba yake akaona huruma. Akapanda masale palepale alipokaa mtoto, mtu yeyote asije akamfukuza mahali pale. Akachinja mbuzi. Watu wote wa nyumba wakaweka mkono juu ya mbuzi wakaapa. Huyu amezaliwa hapa. Hakuja. Atakayesema alikuja, ulimi wake ukauke.

Hapo shangazi akaweka bakuli chini. Akajiangalia mkono, ule mkono wenyewe. Akauweka mdomoni.

"Mke wetu," akasema, "nimefanya nini."

Nikamwambia hujasema kitu, shangazi, ulikuwa unakula mtori. Nikamfuta midomo. Nikatoka. Sijui njia nilipita ipi.

Jumatano, 14 Julai

Nilikuwa natafuta kosa kwenye nyumba ya watu. Limekaa kwangu. Wala si kosa. Sijui niite nini.

Eunike anaweza kuolewa. Neno moja tu na anaolewa. Na neno hilo hilo linamnyang'anya baba yake baba, na babu, na kitabu cha miaka mitano. Pengine na kihamba. Watoto wa Mzee Eliona ni wengi, wamebanana, mmoja analima njiani. Wakisikia huyu hakuzaliwa hapa, watanyamaza?

Nilimtazama wakati anakula. Masikio. Siku zote nimesema masikio yake ni ya Kiwesa. Nilikuwa nasema tu.

Baada ya kula akafungua kitabu, akachukua wembe wa kufutia wino. Akasema bila kunitazama, "Naweza kuandika yule mtu aliliwa na simba. Nani atajua." Akaweka wembe juu ya karatasi. Akakaa hivyo muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Halafu akaurudisha wembe mahali pake. "Mkono hautaki," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumpiga pia. Nikaenda kukamua ng'ombe ambaye nilikuwa nimeshamkamua.

Alhamisi, 15 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Eliona. Peke yangu. Nilikwenda na hasira, nimeipanga njia nzima. Wewe unajua, wewe mkubwa wa ukoo lazima unajua, ndiyo maana ulikataza masale, na bado unamzuilia mtoto wangu ndoa.

Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nikasema shikamoo shemeji. Nikasema nimetoka kwa shangazi juzi. Hasira yote ikaishia hapo, sikuweza kuendelea.

Akanitazama. Akajua.

Akafunga mlango, akanipa kigoda. Akasema, "Baba yangu alinishika mkono akiwa anakufa. Akasema Mose ni ndugu yangu. Ukisikia mtu anasema neno jingine, mzibe mdomo. Na ukitaka kusema wewe, ujizibe wewe."

"Basi kwa nini ukaenda kwa mchungaji, shemeji? Unajua hakuna damu hapo."

"Mama Eunike. Kitabu kimesomwa mbele ya watu. Wamesikia wa Sanya ni damu yetu. Mimi nikikaa kimya, nikaacha Kiwesa aoe Kiwesa, watauliza, huyu mzee ana nini? Mbona ameruhusu? Watatafuta. Wataanza kunyoosha kidole, huyu au yule." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Kukataa ndoa ndiyo ilikuwa njia ya kusema Efraimu ni ndugu yangu. Sikuwa na nyingine."

Miaka yote nasema huyu mzee anatutawala. Kumbe alikuwa anatukalia kama kuku anavyokalia mayai.

Nikamwuliza, "Na Efraimu akisema mwenyewe?"

Akauzungusha mpini mikononi, akautazama ncha mpaka ncha.

"Kiapo ni chetu sisi. Si chake. Yeye hakuweka mkono juu ya mbuzi, mbuzi alichinjwa kwa ajili yake. Akisema mwenyewe, mimi nitasikiliza kama wengine."

"Na kihamba?"

"Kihamba alikitoa mwenye haki ya kukitoa. Mimi nikiwa hai, hakuna atakayegusa." Halafu akaongeza, taratibu, "Nina miaka sabini na nne."

Amenisindikiza mpaka mpakani, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akasema kikao nitakiitisha saa nne, Jumamosi. Akasema mtori wako unasifiwa. Sikujua kama anatania au ananionya.

Ijumaa, 16 Julai

Barua ya Eunike, imeletwa na mwanamke wa sokoni. Jumatatu yeye na Eliufoo wanakwenda bomani kutoa taarifa ya ndoa. Ananiomba msamaha mimi, si baba yake. Mwisho kaandika: Mama, soma polepole, nimeandika herufi kubwa kubwa kwa ajili yako.

Nimesoma polepole.

Nisiposema, kesho ukoo unakataa, Jumatatu mtoto anakwenda bomani, na baba yake hatalirudisha lile neno alilosema. Namjua. Atakaa hapa na kitabu chake safi, na Eunike atakuwa na watoto nisiowaona. Nikisema — lakini ni nani mimi niseme? Nami sikuapa. Hakuna aliyeuweka mkono wangu juu ya mbuzi.

Kahawa imekauka leo. Nimeing'ata moja. Eliufoo ana haki, meno yanajua kuliko macho.

Jumamosi, 17 Julai

Nimemwambia.

Asubuhi mapema, bandani, anamwekea ng'ombe majani. Nilianza vibaya. Nikasema, Baba Eunike, unajua kwa nini yale masale yako katikati? Akasema bila kugeuka, labda ulikuwa mpaka wa zamani. Nikasema hapana. Nikamwambia yote kwa mpangilio kama nilivyoandika humu. Mwanamke, mtoto, mikungu. Ile miwili iliyoshuka na ule mmoja uliobaki. Mbuzi. Shemeji alivyosema juzi.

Hakunikatiza. Majani yalikuwa bado mikononi, ng'ombe akawa anayavuta kidogo kidogo, mpaka yakaisha, na yeye kanyoosha mikono mitupu.

Akasema, "Baba alikuwa hawezi kuona ndizi imeivia mgombani."

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa anaamka anazikata. Tulikuwa tunamcheka."

Akachukua panga akatoka. Nikasema moyoni, anakwenda kuyakata. Ayakate yote, aondoe ushahidi, na mimi nimemwua. Nikasimama mlangoni mwa banda siwezi kwenda mbele wala nyuma. Ukungu ulikuwa mzito, nilimwona mgongo tu. Alisimama mbele ya yale masale muda mrefu sana. Halafu akachuchumaa. Akakaa chini kabisa, kwenye umande, na suruali yake ya kikao, kama mtoto.

Sikusikia panga.

Nikaja ndani, nikawasha moto, nikachemsha maji ambayo hayana kazi. Nikachukua daftari hili. Kwa mara ya kwanza sijalificha, liko mezani, na yeye ameingia, amelitazama, hakuuliza kitu. Suruali imelowa nyuma. Mkononi ana jani moja la sale, moja tu, amelifunga fundo kama watu wanavyofunga wakienda kuomba jambo lisilokataliwa. Sijui anakwenda kumwomba nani. Wazee? Eunike?

Amekaa mbele yangu sasa hivi. Amefungua kitabu chake, ukurasa wa kwanza kabisa, juu, pale alipoandika jina la babu wa babu. Pembeni kuna nafasi. Amechovya kalamu.

Ameniuliza, "Yule mama alikuwa anaitwa nani?"

Nimemwambia shangazi hakusema.

"Hukumwuliza?"

Sikumwuliza. Hakuna aliyemwuliza. Walimpa mikungu mitatu na hakuna aliyemwuliza jina.

Bado hajaandika. Wino unakauka kwenye kalamu, anachovya tena. Ni saa nne kasoro. Nje namsikia Mzee Eliona anakohoa njiani, amekuja mwenyewe kumchukua, na fimbo yake inagonga gonga mawe pale njia inapozunguka masale. Ameita hodi.

Baba Eunike ameitika karibu, lakini hajanyanyuka. Ameniambia, "Nenda kwa shangazi. Kimbia. Mwulize, hata kama ni jina walilompa tu wao, nilisome mbele ya wazee." Naacha peni hapa, nakimbia.